Vigae Vitano

Chausiku Mbegu, miaka hamsini na moja.
Kiwanda kimefungwa, mafao yanadai cheti cha kuzaliwa.
Ameniachia karatasi: jina, mwaka, Temeke,
na namba ya simu ya mwanawe,
"maana yangu inazimazima."

Saa nne usiku, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Mkunguni.
Chini mlinzi anapangusa kiti kwa gazeti.
Nafungua dirisha lisilo na karani wala kioo,
wenzangu huliita API,
naandika kati ya mabano yaliyopinda kama masikio:
tafuta, jina, Chausiku Mbegu,
wodi ya wazazi, sabini na nne.
Natuma.

Niseme ukweli, hakuna kabati moja lenye kadi zote.
Kadi laki sita tulizigawa vigae vitano
tukavitawanya, ili gari moja likipinduka
mzigo wote usimwagike.
Kimoja Ubungo, kimoja Kijitonyama, viwili Chang'ombe,
kimoja Kurasini, nyuma ya maghala.
Fundi Mwinshehe alizipa mashine majina ya samaki:
Changu, Nguru, Kolekole, Kibua,
na Pweza, anayepokea swali kwa mkono mmoja
na kuligawa kwa mikono mingine:
Hapo, pana kitu? Huko, kuna kitu? Humo, mna kitu?
Lugha yetu iliizoea kazi hii kabla ya umeme.

Jibu likarudi kabla sijameza mate.
Mia mbili, yaani salama, swali limeeleweka.
Yaliyopatikana: sifuri.

Nikalegeza. Nikatoa msamaha wa herufi moja,
maana makarani wa wakati ule waliandika walivyosikia,
na wodi ina kelele.
Akaja Chausiku Mbega, lakini wa themanini na tatu, tena pacha.
Akaja Chausiku Mbegi, wa kiume, sijui ilikuwaje.

Ndipo nikashuka hadi mkiani mwa jibu,
kwenye mistari ninayoirukaga
kama watu wanavyoruka maandishi madogo ya mkataba:
vigae, vitano;
vilivyojibu, vinne;
kilichoshindwa, kimoja.

Kibua. Kurasini. Mvua ya alasiri,
umeme, jenereta lililokula dizeli yake yote jana.
Na nakala yake?
Tuliifuta Machi, diski zilipojaa.
Nilisema mimi mwenyewe: wiki mbili tu.

Nikakumbuka mstari nilioandika mwaka jana
kwa haraka, nikiwa na homa:
yakiwa sifuri, onyesha "Hakuna".
Karani wa kaunta hulisoma kwenye skrini
kisha humgeukia mtu aliyezaliwa,
aliyesimama mbele yake, anapumua, ana mkoba:
Hakuna, mama.

Wangapi?
Hilo nalo ni swali.
Sina faharasa ya walioondoka.

Nafuta neno. Naandika:
Sijaona bado. Vigae vinne kati ya vitano vimejibu.
Subiri, au rudi kesho.
Ni refu, litakatika kwenye skrini ndogo,
Mwinshehe atalalamika. Alalamike.

Saa saba na dakika kumi Kibua anaamka.
Natuma swali lile lile, na msamaha wake.
Moja.

Chausku Mbegu. Mtoto wa kike.
Ratili tano na nusu, saa tisa usiku.
Mama: Siwajibu Kondo.
Pembeni, kwa wino mwingine: analia vizuri.

Naishika simu, natafuta namba ya mwanawe,
naiweka chini.
Simu ya saa saba usiku ni msiba
hata kabla hujapokea.
Nakaa na kadi, mwanga wake usoni,
kwenye paa la jirani maji bado yanadondoka,
nasubiri kuche nimpigie.