Saa Nne na M.

Alikuja Mwachofi, waya shingoni kama tasbihi,
akavuta kiti, akaegemea meza yangu:
"Bi Mejumaa, umebaki wewe tu.
Kampuni nzima imeshaungwa."

Toka ghala la Shimanzi hadi dawati la forodha,
barua, ankara, orodha za makontena,
vyote sasa vyaulizwa dirisha moja:
andika neno, bonyeza, likuletee.
Kalenda yangu peke yake ilikuwa nje,
imejifungia
kama kabati la vyombo vya wageni.

Mashine ikauliza kwa adabu:
Waruhusu Kitafutio kisome miadi yako?
Chini yake vifungo viwili,
Ruhusu, kijani, kimenona,
na Baadaye, kijivu,
kimekonda kwa kukosa wa kukibonyeza.

Siri ya mtungi aijuaye kata, sawa,
ila hatukuambiwa
kata ikiazimwa mtaa mzima inakuwaje.

Nikaruhusu.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasimama.
"Tayari," akasema Mwachofi,
akaenda zake kwa watu wa uhasibu.

Kabla ya viazi karai vya saa saba
Salha wa ankara alishaniinamia sikioni:
"Haya, shoga. Nilikuwa natafuta nafasi yako ya kikao,
nikapata mengine.
Huyu M. ni nani?
Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi alfajiri?"
Macho yake yameshapika pilau.

Kufika alasiri M. ana gari.
Kufika jioni M. ni nahodha wa meli ya mafuta,
na ana mke Changamwe.
Mzee Mbwarali wa langoni, asiyegusa kompyuta,
aliniaga kwa sauti ya kunipa pole.

Mimi niliandika saa nne.
Saa nne ya kwetu, jua limeshapanda,
nguo za Majengo zimekauka upande mmoja,
mahamri yamepoa, bei imeshuka.
Mashine haikulelewa huku.
Kwake siku huanzia gizani,
watu wamelala, hakuna wa kuipokea.
Iliona nne, ikaiweka nne,
ikanirudisha nyuma saa sita
hadi mahali pasipo hata muuza kahawa.

M. ni Mama.
Saa nne ni kitanda cha tatu, chumba cha figo,
na mashine nyingine, yenye subira kushinda hii,
inamtoa damu, inaiosha, inamrudishia.
Kwa bosi nilimwita mteja.
Haukuwa uongo mkubwa:
hulalamika, hachelewi,
na halipi.

Basi nikaifungua kalenda nirekebishe.
Kidole kikafika juu ya ile nne,
kikasita.

Kwani leo alfajiri nilikuwa wapi?
Sakafuni, ubavuni pa kitanda chake.
Nimemgeuza alalie kushoto,
nimenyoosha shuka lisimchome mkunjo,
nimemlowanisha midomo kwa pamba,
maji ya kupimiwa, kijiko kwa kijiko,
naye ananiuliza, kama jana, kama juzi:
"Mejumaa, saa hizi ni saa ngapi?"
"Kumi, mama. Bado."
Mwadhini wa pale nyuma alikuwa ndiyo kwanza
akohoa kwenye kipaza sauti.

Sijui nani aliiambia.
Ilikosea hesabu, ikapata nyumba.

Nikaiacha miadi palepale ilipo, gizani.
Nikaongeza nyingine ya mchana,
nikaiandika kwa maneno, asubuhi, jua limepanda,
isije ikapotea njia tena.
Na kwenye zote mbili,
mbele ya ile M. iliyokwishaoa na kununua gari,
nikafuta nukta,
nikaandika herufi tatu zilizobaki.

Salha akitafuta kesho, ataona.
Kwa sasa kuna kontena la mchele
tangu Jumamosi lasubiri mhuri wangu,
na hilo halina kitafutio,
lina mimi.