Sahani Tupu

Shangazi amefika na kuku na swali.
Kuku amemfunga miguu. Swali amelifungua.

"Adyeri, miaka ishirini na tisa.
Umemficha nani?"

Chini ya kitanda, Shangazi, pana sanduku la nyuzi
na viatu vya mvua.

Jumamosi, Fort Portal. Ukungu umelalia mabati ya soko la Mpanga,
nami napiga pasi gauni la bibi harusi wa nne mwezi huu.
Viuno vyao navijua kwa sentimita.
Yupo anayecheka nikimpima, yupo anayelia,
yupo anayesema bana, bana tena, mtu fulani ameze mate.
Nabana, pini mdomoni.
Mate hayo mimi sijawahi kuyameza.

Nilijaribu, na Basaliza, mwalimu wa hesabu,
mtu mwema, harufu ya chaki.
Nilimpenda kama aotaye moto
wala hatamani kuwa kuni.
Alingoja miaka miwili. Akaoa.
Gauni nilishona mimi.

Mchungaji alisema pepo.
Mganga wa Mugusu alisema mizizi, akaniuzia.
Daktari alipima damu, akasema damu nzuri.
Wengine, sauti chini, walisema lile neno
linalopeleka watu polisi.
Sivyo, nikasema. Wakasikia nakana.
Utathibitishaje kutokuwa na njaa?
Unaonyesha sahani tupu,
wanakuuliza umekula wapi.

Na bado hapa kwetu hakuna asiye na empaako.
Walisonga ugali wa wimbi, wakanipa langu,
Adyeri, kabla hawajajua nitatamani nini.
Muuza ndizi huniita hivyo, na mlinzi wa benki,
na hata yule mnong'onaji, Jumapili, mkono wake mkononi mwangu:
"Adyeri, oraire ota?"
Nimelala vyema. Peke yangu, na vyema.

Tena yupo Rwabuhinga, fundi redio, mlango wa pili.
Siku moja aliinua macho kwenye waya zake,
akasema, "Hata mimi."
Hatukuongeza neno. Chai ilipoa.
Tangu hapo Alhamisi hufunga mapema,
tunasikiliza redio za watu kama zimepona.

Keti, Shangazi. Mvua hiyo, hutafika Kijura leo.
Kuku tutamchinja.
Swali rudi nalo,
au litundike pale kwenye msumari,
kati ya magauni
ambayo wenyewe hawakuja kuyachukua.