Kidonge cha Kabla

Nameza kidonge cha njano, kidogo kama punje ya mtama,
na tumbo langu tupu kama sufuria iliyosuguliwa.
Ndiyo maana Barabara ya Nane inanicheka:
"Mke wa fundi baiskeli anatibu mimba isiyokuja!"

Mama mkwe hacheki. Anaguna.
"Sisi tulizaa kwa mnavu na dagaa.
Vidonge walitupa mimba ikishaonekana kwenye kanga,
vile vyekundu vya damu, vinanuka msumari,
nikavisokomeza chini ya godoro, nesi asijue.
Na wanangu saba si hao, wanatembea?"

Wanatembea, mama.
Mmoja wao ndiye mume wangu.

Lakini mimi nilimzaa Shafii
mgongo wake wazi, juu kidogo ya kiuno,
palepale mkono wa mama hupita anapombeba mwana.
Siku kumi na tisa. Sikuthubutu kumlaza chali.
Wakasema nilikaa kizingitini magharibi.
Wakasema nilimcheka kiwete sokoni Mgandini.
Wakasema ni udongo niliokuwa nautafuna.
Nikakubali yote matatu; mfiwa hachagui sababu.

Nesi Shemahonge, kule Bombo, hakusema hata moja.
Alichukua karatasi, akaikunja ikawa bomba:
"Uti wa mgongo huanza hivi. Hujifunga
mwezi wa kwanza, wewe bado wahesabu siku,
bado wadhani ni malaria.
Ukija kliniki na tumbo, kazi ile imeshapita."
Nikamwuliza: ningejua, ningemwokoa?
Akaikunjua karatasi, akailaza, akaipapasa.
"Labda," akasema. "Si kila mara. Labda."

Labda hiyo ndiyo niliyorudi nayo nyumbani.

Mbwana alinisikiliza mikono imo beseni,
akisaka mapovu ya mpira uliotoboka.
Maneno ya kufariji hana, hakuzaliwa nayo.
Alisema tu: "Tundu huzibwa kabla ya kupanda."

Tangu hapo, kila asubuhi, kapiga magoti penye spoku,
wateja wamemzunguka, mama yake barazani apeta mchele,
huniita kwa sauti ya mnadani:
"Mwantumu! Umemeza?"
na mtaa mzima hugeuka.

Jana mke wa muuza mkaa alinifuata uani,
kaziba mdomo kwa upindo wa kanga.
"Hivyo vya njano," akanong'ona,
"vinauzwa duka gani?"