Jeraha ni la Mwenye Mwili

Eetu, mkono wangu haujakatika.
Umeandika "nimeukata begani," ukatia nukta
kana kwamba nukta ni msumari.
Rudi nyuma sentensi moja.
Andika shoka linavyokuja: uzito wake,
theluji inavyopukutika mpinini.
Lilete hadi usoni pangu, uliache hapo.
Kama litaingia, nitasema mimi.

Sikushtaki kwa mwamuzi.
Nimechambua barua posta ya Rovaniemi miaka thelathini na moja,
najua kutuma si kufikisha.

Na jingine. Nilipoficha kisu ndani ya buti
wewe ulisoma; shujaa wako hakuona.
Mbona anaikodolea buti yangu?
Tena hachoki. Alizama mtoni Januari
akaibuka na nywele kavu!
Mpe goti bovu, mpe kikohozi.
Mtu asiyeumia haogopeshi, anachosha.

Una saa arobaini na nane.
Ukibanwa na mitihani, sema.
Juzi nilipokwenda kumzika dada yangu
ulinisubiri siku sita,
na saa hukuzihesabu.

Sasa ni usiku, jibu lako limefika.
Shoka linakuja tena,
safari hii polepole, zito,
na theluji kweli inapukutika.
Limesimama upana wa kidole kutoka kwenye paji langu.
Kushoto umeniachia nafasi ya kukwepea;
nimeiona, asante.

Navaa miwani, nasogeza kikombe cha chai,
naandika kwa mkono huu ambao haujakatika:
limeingia.