Safu ya Katikati

Lilichongwa Lubumbashi, jiji likiwa bado na jina la malkia,
na Mwitaliano mmoja, Bettinelli, mtu wa tanuri,
aliyeamini kwamba shaba ikikubali kuwa waya, sufuria na senti,
itakubali pia kuwa mbio.

Silinda tisa. Si mstari mmoja kama askari,
si pande mbili kama mbavu,
bali safu tatu zilizopanuka kama vidole vya jogoo.
Vichwa vya shaba tupu. Gari lenyewe jembamba,
mgongo wa kambale, matairi ya kuazima,
na uzito uliofanya kapi ya garaji ilie.

Baba yangu, Chisenga Kaoma, alikuwa mtu wa spana.
Jina lake halimo kwenye karatasi ya mashindano.
Kucha zake zimo, mbili,
chini ya kifuniko cha gia. Aliniambia hivyo
na sijawahi kuzitafuta.

Mara ya kwanza, barabara ya Kipushi: kilomita nane, basi.

Mara ya pili halikuondoka. Bendera ikashuka, wenzake wakaenda,
vumbi likatua, nalo bado linakohoa pale pale,
na watoto waliopanda mijakaranda wakaanza kukohoa nalo,
kho, kho, kho,
mpaka polisi akawashusha kwa fimbo.

Mara ya tatu liliongoza.
Hili watu hulisahau. Liliongoza dakika sita.
Ngurumo yake ilifika Kamalondo,
wanawake wakaacha michi hewani.
Kisha moshi mweupe, kisha moshi wa buluu,
kisha Bettinelli anatembea kwa miguu, miwani mkononi,
kama mtu anayerudi kutoka sokoni bila alichotumwa.

"Safu ya katikati haipati hewa," baba alisema.
Alisema kwa Kiswahili. Alisema kwa Kifaransa chake kibovu.
Akalowesha kidole mate, akagusa shaba, tsss,
hiyo ikawa lugha ya tatu.
Bwana akabadilisha mafuta. Akabadilisha plagi.
Akabadilisha dereva.

Mwaka wa sitini alipanda treni ya kwenda Ndola
akaacha ufunguo umening'inia msumarini.

Nimekua na gari hilo uani, Katuba.
Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva.
Tulikuwa watoto watatu, mimi wa pili:
mkubwa alirithi jina la babu,
kitinda mimba alipewa mgongo wa mama,
mimi nikapewa kitambaa na majivu
nisugue ule ukijani unaoota kwenye shaba kila mvua zikija.

Ikafika miaka ile kampuni iliposahau kulipa.
Bomba kubwa likasimama bila moshi,
kidole kisichokumbuka kilikuwa kinamwonyesha nani.
Unga asubuhi bei hii, jioni bei ile.
Baba akachukua msumeno.

Siku nne. Alikata safu ya katikati, yote,
akaziba mashimo kwa mabamba ya chuma cha pipa,
akaiuza kwa kilo nyuma ya soko, mtaani Kenya,
kwenye mizani iliyosema uongo, na yeye akijua inasema uongo.
Tulikula bukari mwezi mzima.
Nilijua ninameza nini.

Halafu, sijui kwa nini, labda ni mkono tu uliozoea,
jioni moja akatia petroli kiasi cha kikombe,
akazungusha hendeli.
Ikawaka.
Nikasubiri kikohozi.
Dakika sita zikapita. Saba. Akaongeza kikombe. Kumi na tano.
Jirani akachungulia juu ya ukuta, akauliza nani amenunua mashine mpya.
Baba akalowesha kidole, akagusa chuma.
Hakukusikika kitu.

Hakucheka. Alikaa juu ya tairi,
akanitazama mimi, wa katikati,
muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
akasema, "Leta maji."

Nikaleta.
Hakuyanywa. Wala injini haikuyahitaji.