Wa Nani Huyu?

Saa kumi na moja alfajiri, soko la samaki la Bueu,
Dosinda Expósito ananitilia figo za pweza
katika kopo la kahawa.
"Leo watano," anasema. "Mmoja mdogo, usimdharau."
Kisu chake hakina mpini, kimeviringwa mpira wa baiskeli.
Hajawahi kunidai hata senti.

Maabara iko ghorofa ya pili, dirisha halifungiki.
Nadondosha tone la mkojo wa pweza juu ya kioo,
nainamia hadubini, nangoja jicho lizoee,
na hao hapo:

vijiuzi, weupe wa maji ya mchele.
Mdomo hawana. Utumbo, moyo, neva, hawana.
Seli ishirini na mbili, nimehesabu mara tatu.
Moja ndefu, katikati, kama utambi,
nyingine zimeikumbatia, zina vinyweleo, vinapepea.
Na ndani ya utambi ule
watoto wamelala, wanangoja zamu.
Hawamtafuni pweza.
Wanakunywa alichokwisha kukikataa.

Lugha ninayoandikia inadai jibu
kabla sijafika kwenye kitenzi:
huyu, au hiki?
Nikisema kinaogelea, nimemshusha.
Nikisema anaogelea, nimemkaribisha nyumba
ambayo wenyeji wake bado wanabishana mlangoni.
Naandika huyu.
Mkono unasita, lakini naandika.

Kabatini, trei ya kumi na nne
ina lebo nne, zimegandana kama magamba.
Ya kwanza, wino wa kahawia: *Wanyama wa Kati*,
si wa seli moja, si wanyama kamili,
daraja ambalo kila mtu alitamani kulivuka.
Ya pili inawaita minyoo bapa walioporomoka:
walikuwa na tumbo, walikuwa na macho,
wakahamia kwa tajiri, wakayaacha yote.
Ya tatu inawarudisha kati, kwa hasira, mistari miwili chini.
Ya nne imechapwa na mashine. Inasema vinasaba vimesomwa,
ni jamaa wa konokono na chambo cha wavuvi,
kisha inasema, kwa herufi ndogo zaidi, *huenda*.

Juu ya zote kuna alama ya kuuliza ya penseli,
ya marehemu don Amancio.
Kila aliyefuta vumbi aliizunguka.

Jumanne moja ya mvua Dosinda akapanda ngazi,
aproni bado ina chumvi.
"Miaka tisa nakupa figo. Nionyeshe."
Nikamshushia kiti.
Akafumba jicho lisilotakiwa, akafumbua, akapata.

Katika vijiji vya huku hawakuulizi jina.
Wanakuuliza: wewe ni wa nani?
Na wewe unataja mama, bibi, nyumba yenye mtini,
mpaka uso wa muulizaji ulegee.
"Wa nani hawa?" akauliza, bila kuinua kichwa.
Nikasema haijulikani. Nikaanza habari za lebo.

"Mimi waliniokota hospitali ya Pontevedra,
ndani ya boksi la dagaa," akasema, bado ameinama.
"Watawa wakanipa jina wanalopewa walioachwa.
Shuleni waliponiuliza nilikuwa nikitazama viatu.
Baadaye nikapata meza sokoni,
nikajifunza kujibu: *wa pweza*.
Na watu wakaridhika, unajua? Wakaridhika kabisa."

Mvua ikaingia kwa dirisha, nikaweka ndoo.
Nikamwambia jambo ambalo hata lebo hazina:
kuna mtoto wa aina nyingine, mviringo,
hutoka na mkojo, huzama baharini peke yake,
na jinsi anavyompata pweza wa pili
hakuna aliyewahi kuona.

"Anauliza njia," akasema Dosinda,
akafunga aproni, akashuka.

Kesho yake kopo lilikuwa zito.
"Leo sita. Huyu wa juu sijui ni pweza au ni nini.
Mtazame wewe."