Elfu Tano ya Mjusi

Basi la Songea lilitutema Lindi saa tano usiku, Ijumaa,
mimi na dada yangu Sikudhani,
miguu imevimba, na karatasi yake kwenye sidiria:
mambo tisa ya kufanya siku mbili.
Namba moja, kula. Namba mbili, kula tena.
Namba tatu, mjusi.

Darasa la tano mwalimu alimchora ubaoni
yule wa Tendaguru, shingo imepita mnazi,
mkia ukageukia ukutani kwa kukosa nafasi.
Tangu siku ile dada anamngoja
kama mtu aliyeandikiwa posa.

Asubuhi, ming'oko. Mama Somoe kaijaza sinia,
vidole vya kahawia vilivyolala ardhini mpaka juzi.
Unabinya, ganda linavuka kama soksi.
Chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti:
nikamla na kumsoma marehemu fulani
aliyeacha wajane wawili na trekta.
"Msimalize yote," akasema Mama Somoe,
"mtashindwa kutembea." Tukamaliza.

Bajaji ya Chilumba imeandikwa nyuma USINIHURUMIE.
Elfu thelathini, mji mzima na viunga vyake.
"Mjusi yuko wapi?" Sikudhani hata hajakaa.
"Mjusi yuko Berlini, dada.
Mababu walimbeba vichwani, mfupa mmoja mmoja,
siku nne kwa miguu mpaka bandarini hapa.
Ila naweza kuwaonyesha alikopita."

Akatuonyesha. Njia.
Mbuzi mmoja, fundi cherehani mmoja,
kaptula za shule zikining'inia mlangoni.
Dada akaipiga picha ile njia, mara saba.

"Hapa palikuwa na sinema."
Ghala la ufuta. Mlinzi akatufungulia tukanuse.
"Hapa palikuwa na reli."
Majani.
"Reli ya wapi?"
"Ya karanga. Karanga zikagoma, wakaing'oa."
Alisema kwa fahari, kama mwenye nyumba
anayekupitisha vyumba vya watoto walioolewa.
Mnazi Mmoja nikahesabu minazi: kumi na minne.
Chilumba akaniambia nisiwe mbishi.

Njaa ikatushika palepale njia panda.
"Kuna samaki nchanga," akasema kijana wa jiko,
na dada, mtoto wa Ziwa Nyasa kwa mama,
akaagiza wawili kabla sijafungua mdomo.
Wakaja wamebanwa kwenye kijiti, wamekauka moshi.
Akamgeuza. Akamgeuza tena.
"Samaki gani huyu ana masikio?"
"Wa mchangani," kijana akajibu, hacheki.
"Huyu havuliwi, huyu anachimbwa."

Kimya kidogo.
Kisha dada akang'oa mguu, akachovya kwenye chachandu,
akatafuna macho kayafumba, akayafumbua.
"Panya," akatangaza, "mtamu kuliko kambale."
Akala na wa kwangu.

Jumapili sina mengi ya kusimulia.
Mvua. Mkate wa kumimina, mwingine, na mwingine.
Tulikaa barazani kwa watu tusiowajua
tukafundishwa kubangua korosho,
nikaungua utomvu vidole viwili; alama ninazo.
Kwenye karatasi dada alikata nane.

Jumatatu, giza bado, kituoni,
USINIHURUMIE inakuja na taa moja.
Chilumba anashuka, anatoa noti ya elfu tano:
"Ya mjusi. Sikulala. Hamkumwona, nimewala bure."
Nikajua dada atakataa, atasema neno zuri,
ndivyo watu wanavyofanya safarini.
Sikudhani akaipokea, akaimulika kwa simu kama ni halali,
akamwita mama wa korosho,
"Za elfu tano, mama. Gawa mafungu matatu."

Fungu la tatu akampa Chilumba.
Tulifika Masasi anatafuna.
Tunduru akaniuliza, mdomo umejaa,
nauli ya Berlini ni shilingi ngapi.